Kazi ya Kocha Msaidizi wa Softiboli ya Vyuo Vikuu Nchini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wa aina mbili: familia zinazoishi Marekani ambazo mabinti zao wameanza kucheza softiboli shuleni, na vijana wanaotafakari kuifanya kazi hii baada ya siku zao za kucheza kwisha. Majibu yanaanza na misingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Misingi

Softiboli ni mchezo gani, na unatofautianaje na besiboli?

Softiboli ni mchezo wa ukoo mmoja na besiboli. Timu mbili zenye wachezaji tisa uwanjani hupokezana zamu ya kupiga na zamu ya kulinda, na pointi hupatikana mchezaji anapozunguka besi zote, yaani vituo vinne vilivyowekwa uwanjani, na kurudi alipoanzia. Ulianza mwaka 1887 mjini Chicago, ukichezwa ndani ya jengo. Mpira wake ni mkubwa kuliko wa besiboli, mzingo ukiwa takriban sentimita 30; besi zimeachana kwa mita 18.3 badala ya mita 27.4, kila timu hupiga kwa zamu saba wala si tisa, na mrushaji husimama mita 13.1 tu kutoka kwa mpigaji, akiuzungusha mkono mzima kama tanga la kinu cha upepo na kuuachia mpira usawa wa nyonga.

Warushaji wenye kasi katika vyuo hufikisha kilomita 110 kwa saa, na kwa umbali mfupi namna hiyo mpigaji hana hata nusu sekunde ya kuuona mpira, kuutambua na kuamua. Nusu sekunde hiyo ndiyo chanzo cha karibu kila kitu kinachoelezwa hapa chini, kwa kuwa makocha wasaidizi huajiriwa ama ili kuwaandaa wapigaji wao waishinde, ama ili kuwaandaa warushaji wao waifanye iwe fupi zaidi.

Kwa nini mchezo huu wa wanawake una makocha wengi wa kulipwa katika vyuo?

Sababu kubwa ni sheria. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kinachojulikana kama Title IX, kinachokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vililazimika kuwapa wanawake nafasi za michezo, na softiboli ikawa miongoni mwa michezo iliyokua kwa haraka. Ubingwa wa kwanza chini ya NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo, ulichezwa mwaka 1982 na kutwaliwa na UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles. Tangu mwaka 1990 fainali hizo zimefanyika Oklahoma City karibu kila mwaka, na tiketi zake leo hugombaniwa.

Kocha msaidizi ni nani hasa, na timu moja ina wangapi?

Ni mwajiriwa wa chuo anayefanya kazi chini ya kocha mkuu, akiwa na eneo lake la kitaalamu na sehemu yake ya kazi za ofisini. Katika Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya NCAA, ni kawaida kumkuta kocha mkuu mmoja na wasaidizi watatu: mmoja wa warushaji, mmoja wa wapigaji, na mmoja wa ulinzi wa uwanjani au wa wadakaji, yaani wanaokaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira wa mrushaji. Aliye mwandamizi miongoni mwao mara nyingi hupewa cheo cha kocha mkuu mshiriki, ambacho humwongezea mshahara na sauti katika maamuzi.

Pembeni yao huwepo mkurugenzi wa shughuli za timu, ambaye hupanga safari, hoteli na bajeti, pamoja na wataalamu wa tiba na mazoezi ya viungo. Chuo kidogo kinaweza kuwa na msaidizi mmoja tu anayefanya kazi zote hizo, pamoja na kufua jezi.

Divisheni za vyuo zinatofautianaje kwa mtu anayetafuta kazi?

Divisheni ya Kwanza ya NCAA ina takriban timu 300 za softiboli, na humo ndimo zilimo bajeti kubwa, mechi za televisheni na wasaidizi wa kudumu. Divisheni ya Pili hutoa udhamini wa masomo kwa kiwango kidogo zaidi. Divisheni ya Tatu haitoi udhamini wa kimichezo hata kidogo, kwa hiyo kocha wake huwashawishi wachezaji kwa ubora wa masomo na maisha ya chuoni. Nje ya NCAA kuna NAIA, yenye vyuo vidogo vingi vya binafsi, na NJCAA, inayosimamia vyuo vingi vya miaka miwili.

Nawashauri vijana wasividharau vyuo vya miaka miwili. Patty Gasso, aliyeifikisha timu ya Chuo Kikuu cha Oklahoma kwenye mataji manne ya taifa mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024, alifundisha kwanza katika chuo cha jamii cha Long Beach, California, kabla ya kuajiriwa Oklahoma.

## Kazi yenyewe

Kocha msaidizi hufanya nini katika siku ya kawaida?

Watu wengi humwona saa mbili za mechi na kudhani hiyo ndiyo kazi. Asubuhi huanza na video: mechi ya wapinzani wa wiki ijayo hukatwa vipande, na kila mpigaji wao huandikiwa anapenda mpira wa wapi, anakosa wa aina gani, na huupeleka upande upi wa uwanja. Baadaye huja mazoezi ya mtu mmoja mmoja kati ya vipindi vya masomo, kisha mazoezi ya timu nzima alasiri, kisha simu na ujumbe kwa wasichana wanaosajiliwa pamoja na makocha wao wa vilabu, ambazo huendelea hadi usiku.

Kanuni za NCAA zinaweka mpaka. Wakati wa msimu mchezaji haruhusiwi kuzidisha saa 20 za shughuli za timu kwa wiki wala saa nne kwa siku, na lazima apate siku moja ya mapumziko. Nje ya msimu kikomo ni saa nane kwa wiki. Mpaka huo ni wa mchezaji, si wa kocha. Kwa kuwa muda wa kuwa na mchezaji ni mfupi, msaidizi mzuri hufika uwanjani akijua tayari dakika 15 za mtu huyu zitatumika kwa jambo gani, na maandalizi ya dakika hizo 15 yanaweza kumchukua saa nzima.

Kocha wa warushaji hufundisha nini, na kwa nini anatafutwa kuliko wengine?

Katika besiboli mrushaji hucheza mara moja kwa siku kadhaa. Katika softiboli mrushaji mmoja mwenye kipaji anaweza kubeba sehemu kubwa ya msimu, na timu isiyo naye huteseka hata ikiwa na wapigaji hodari. Kwa hiyo mtu anayejua kumjenga mrushaji, na kumlinda asiumie, ana thamani ya pekee sokoni.

Anachofundisha kwanza ni mwili: hatua ya kusukuma kutoka kwenye ubao wa kurushia, mkao wa nyonga, mzunguko wa mkono, na kifundo cha mkono wakati wa kuachia. Baada ya hapo huja aina za mipira. Upo mpira wa kushuka, unaozama mbele ya mpigaji. Upo wa kupanda, ambao mzunguko wake wa kurudi nyuma humfanya mpigaji apige chini yake. Upo wa kupinda, wa ndani au wa nje. Na upo wa polepole, unaotoka kwa mwendo uleule wa mkono lakini ukachelewa kufika. Siku hizi vifaa kama Rapsodo hupima kasi, idadi ya mizunguko na mhimili wake, na kocha asiyejua kusoma takwimu hizo ameachwa nyuma. Hata hivyo, kwa maoni yangu, takwimu humwambia kocha kilichotokea, na kazi yake ni kutafuta maneno mawili au matatu ambayo msichana wa miaka 19 atayakumbuka akiwa na wakimbiaji wawili kwenye besi.

Lipo pia suala la mzigo. Dhana ya zamani kwamba kurusha kutoka chini hakuumizi bega imewagharimu wengi. Kocha makini huhesabu mipira ya mazoezini pamoja na ya mechi, na ndiye anayepaswa kuwa na ujasiri wa kumwambia kocha mkuu kwamba leo mrushaji namba moja apumzike.

Nani huamua ni mpira gani urushwe wakati wa mechi?

Katika timu nyingi za vyuo uamuzi hutoka kibandani, pembeni mwa uwanja wanapokaa makocha na wachezaji wa akiba, na mara nyingi ni wa kocha msaidizi wa warushaji. Husoma tarakimu kwa sauti au kwa ishara, mdakaji hutazama kadi iliyofungwa mkononi, na tarakimu hizo humwonyesha aina ya mpira na mahali pa kuulenga. Siku hizi vyombo vya kielektroniki vya kutuma ujumbe kwa upande mmoja vinaanza kuchukua nafasi ya kadi. Wapo makocha wanaomwachia mdakaji aamue mwenyewe, wakiamini kwamba aliye karibu na mpigaji huona zaidi. Naupenda mwelekeo huo, ingawa unamtaka msaidizi atumie miezi mingi kumfundisha mdakaji kufikiri.

Mwaka wa kazi unaendaje?

Muhula wa vuli hutumika kwa mazoezi, mafundisho ya mbinu na mechi chache zisizohesabiwa. Mechi rasmi huanza mwanzoni mwa Februari, kwa kawaida katika majimbo yenye joto, na timu ya Divisheni ya Kwanza inaruhusiwa hadi mechi 56 kabla ya michuano ya mwisho. Katikati ya Mei hutangazwa timu 64 zinazoingia kwenye ubingwa wa taifa. Hugawanywa katika vituo 16 vya timu nne nne. Washindi 16 hukutana wawili wawili. Na nane zilizobaki huenda Oklahoma City mwishoni mwa Mei.

Timu ikiishia mapema, msaidizi hapati likizo. Majira ya joto ndiyo kilele cha usajili, kama inavyoelezwa hapa chini.

## Usajili wa wachezaji

Je, ni kweli kwamba usajili ndio nusu ya kazi?

Ni kweli, na kwa baadhi ya wasaidizi ni zaidi ya nusu. Wasichana wanaotazamiwa huchezea vilabu vinavyosafiri jimbo hadi jimbo wakati wa kiangazi, na makocha wa vyuo huwafuata. Mwanzoni mwa Julai wengi hukusanyika Colorado, na baadaye Huntington Beach, California, kwenye mashindano ya taifa ya PGF, shirika la softiboli ya wasichana. Picha ya kawaida ni ya kocha aliyevaa shati lenye nembo ya chuo, ameketi kwenye kiti cha kukunja nyuma ya wavu, ana kipima kasi na daftari, akiangalia mechi ya sita tangu asubuhi katika nyuzi joto 37.

Anachokitafuta si mkono wenye nguvu pekee. Hutazama jinsi msichana anavyorudi kibandani baada ya kukosa mipira mitatu, jinsi anavyozungumza na mdakaji wake, na jinsi anavyowajibu wazazi. Msaidizi akikosea hapa, timu nzima hulibeba kosa lake kwa miaka minne.

Kocha anaruhusiwa kuanza kuwasiliana na mchezaji lini?

Kwa Divisheni ya Kwanza, tangu kanuni ya mwaka 2018, kocha haruhusiwi kumpigia simu, kumwandikia au kuzungumza na mchezaji kuhusu usajili kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari ya miaka minne, yaani akiwa darasa la 11. Kabla ya tarehe hiyo anaweza kumtazama akicheza, lakini hawezi kumjibu hata msichana akimwandikia barua nzuri. Mzazi asikasirike kwa ukimya huo.

Kanuni hiyo ilikuwa ya lazima. Kabla yake, wasichana wa darasa la nane walikuwa wakitoa ahadi za mdomo kwa vyuo, wakiwa hawajui hata wangependa kusomea nini. Mwaka huo huo wa 2018 makocha wengi wa softiboli wenyewe waliunga mkono mabadiliko, na nadhani ni miongoni mwa maamuzi bora ambayo taaluma hii imewahi kuyafanya.

Mfumo wa uhamisho umebadilisha nini?

Umebadilisha kalenda na moyo wa kazi. Tangu Oktoba 2018 wanaotaka kuhama huandikishwa kwenye daftari la kielektroniki la NCAA, na mchezaji anaweza kuhamia chuo kingine na kucheza papo hapo bila kukaa nje mwaka mzima. Msaidizi sasa humsajili mchezaji mara mbili: anapotoka sekondari, na kila mwisho wa msimu ili abaki.

Fedha nazo zimeingia. Wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na mwaka 2024 mrushaji NiJaree Canady aliondoka Stanford kwenda Texas Tech kwa mkataba wa namna hiyo uliozidi dola milioni moja. Mwaka uliofuata Texas Tech, ambayo haikuwahi kufika Oklahoma City kabla, ilicheza fainali na kushindwa na Texas. Kila msaidizi nchini aliiona fainali ile na kuelewa kwamba mrushaji mmoja anaweza kubadilisha hatima ya programu nzima.

## Kuingia katika kazi

Ni lazima mtu awe amecheza softiboli ya chuo?

Si lazima kisheria, ila walio wengi wamecheza. Kucheza kunampa mtu lugha ya mchezo, marafiki waliosambaa katika vyuo, na kocha wa zamani wa kumpigia simu. Asiyecheza huingia kwa njia nyingine: kwa kufundisha vilabu vya wasichana kwa miaka, kwa ujuzi wa takwimu na video, au kwa kutoka besiboli na kukubali kujifunza upya yale yasiyofanana.

Elimu gani inahitajika?

Shahada ya kwanza hutakiwa karibu kila mahali. Shahada ya uzamili hupendelewa, na vyuo vya Divisheni ya Tatu, ambavyo wakati mwingine humtaka kocha afundishe pia darasani au asimamie ofisi nyingine, huithamini zaidi. Fani zinazozoeleka ni sayansi ya mazoezi ya mwili, elimu, uongozi wa michezo na saikolojia. Chama cha makocha wa mchezo huu, NFCA, huendesha kozi za ukocha pamoja na mkutano mkuu kila Desemba.

Mtu huanzia wapi?

Njia iliyozoeleka ni ya msaidizi mwanafunzi: kijana hujiunga na shahada ya uzamili, chuo humlipia ada yote au sehemu yake pamoja na posho, naye hufundisha timu. Huingia akiwa na miaka 22 au 23, akifundisha wasichana waliokuwa wenzake mwaka mmoja uliopita. Hilo ndilo gumu la kwanza. Lazima ajifunze kuacha kuwa rafiki bila kuacha kuwa mwema.

Njia ya pili ilikuwa ya kujitolea. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA ziliruhusu kila timu ya Divisheni ya Kwanza kuwa na kocha wa kujitolea, asiyelipwa mshahara, ambaye kwa kweli alifanya kazi kama wengine na kuishi kwa kambi za mafunzo na masomo ya binafsi. Cheo hicho kilifutwa kuanzia Julai 2023, na waliokitumikia walikwenda mahakamani kudai fidia. Nilifurahi kilipoondolewa. Kilikuwa kikiwachuja watu kwa uwezo wa wazazi wao wa kuwalipia pango, na vipaji vingi kutoka familia zisizo na uwezo vilipotea hapo.

Nafasi hutangazwa wapi, na huamuliwaje?

Hutangazwa kwenye tovuti za vyuo, za NCAA na za NFCA. Lakini kocha mkuu mara nyingi huwa na majina mawili matatu kichwani kabla tangazo halijatoka. Kwa sababu hiyo mkutano wa Desemba, mazungumzo ya nyuma ya wavu wakati wa usajili, na sifa njema kwa makocha wa vilabu vina uzito kuliko barua ya maombi iliyoandikwa vizuri. Mwombaji asiye na mtu wa kumsemea aandamane na kitu kinachoonekana: mpango wa mazoezi ya mwezi, uchambuzi wa mpinzani, au video ya mchezaji aliyemwendeleza.

## Malipo, mkataba na maisha

Kocha msaidizi hulipwa kiasi gani?

Tofauti ni kubwa mno kiasi kwamba wastani hauna maana. Msaidizi mwanafunzi huishi kwa posho. Katika vyuo vidogo mshahara hulingana na wa mwalimu anayeanza kazi au hupungua hapo, na nafasi nyingine ni za muda tu. Katika ligi kubwa za Divisheni ya Kwanza wasaidizi waandamizi hupita dola 100,000 kwa mwaka, wakati makocha wakuu wachache wa juu kabisa hupita milioni. Mishahara ya vyuo vya umma ni kumbukumbu ya wazi katika majimbo mengi, kwa hiyo mwombaji anaweza kuitazama kabla ya mahojiano, na anapaswa kuitazama.

Pamoja na mshahara huja bima ya afya, pensheni, na katika vyuo vingi punguzo la ada kwa watoto wa mwajiriwa. Familia yenye watoto watatu isilichukulie hilo kuwa jambo dogo.

Nini humpata msaidizi kocha mkuu anapoondoka?

Kwa kawaida hupoteza kazi, hata kama hakuwa na kosa lolote. Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja, na kocha mkuu mpya huja na watu wake. Juni ni mwezi wa wasiwasi katika nyumba nyingi za makocha kwa sababu hiyo. Lenye kusaidia ni kuwa na utaalamu unaojulikana (tazama swali la kocha wa warushaji) na kutoachana vibaya na mtu yeyote.

Je, kazi hii inawezekana kwa mtu mwenye watoto wadogo?

Inawezekana, kwa gharama. Kuanzia Februari hadi Mei wikendi karibu zote ni za mechi, na Juni na Julai ni za safari za usajili. Wanawake wengi huiacha kazi katika umri wa kuzaa kwa kukosa mpangilio wa kuwasaidia. Vyuo vinavyoruhusu mtoto mchanga na mlezi wake wasafiri na timu hubaki na makocha wao. Visivyoruhusu huajiri upya kila miaka mitatu. Swali hilo liulizwe waziwazi kabla ya kutia saini.

## Kupanda cheo, au kubaki

Huchukua muda gani kuwa kocha mkuu?

Hakuna muda maalumu. Bonnie Tholl aliichezea Michigan, akarudi kuwa msaidizi wa Carol Hutchins, akakaa katika nafasi hiyo kwa zaidi ya miaka 25, na kukabidhiwa timu Hutchins alipostaafu mwaka 2022. Kelly Inouye-Perez alikuwa mdakaji wa UCLA, akawa msaidizi hapo hapo kwa misimu 13, akawa kocha mkuu mwaka 2007 na kutwaa ubingwa mwaka 2010 na 2019. Caitlin Lowe aliichezea Arizona chini ya Mike Candrea, akawa msaidizi wake, akamrithi mwaka 2021 na kuifikisha timu Oklahoma City katika msimu wake wa kwanza.

Mcheza kwao hutunzwa, na mifano hii inaonyesha hivyo. Lakini kwa kila mmoja wao wapo wengi waliolazimika kuhama vyuo vinne au vitano, na walioanza kuwa wakuu katika chuo kidogo ambacho wasomaji wengi hawajawahi kukisikia.

Je, kubaki msaidizi maisha yote ni kushindwa?

Hapana, na swali hili linastahili jibu refu kwa kuwa ndilo linalowaumiza wengi. Ukocha mkuu ni kazi tofauti: ni bajeti, wafadhili, wanahabari, na vikao na mkurugenzi wa michezo. Mtu aliyeipenda kazi kwa sababu ya dakika 15 za mchezaji mmoja na mpira wa kupanda anaweza kukuta kwamba kupandishwa cheo kumemwondoa kwenye kile alichokipenda.

Lisa Fernandez ana medali tatu za dhahabu za Olimpiki, za 1996, 2000 na 2004, na wengi humhesabu kuwa mchezaji bora wa softiboli aliyewahi kuishi. Naye ametumia miaka mingi akiwa msaidizi pale UCLA. Jennifer Rocha alikuwa kocha wa warushaji wa Florida ilipotwaa ubingwa mwaka 2014 na 2015, akahamia Oklahoma, na warushaji wake wakawa sehemu ya mataji manne mfululizo. Ni makocha wakuu wangapi wana mataji sita?

Mwenye kutamani ukuu autafute bila haya. Asiyeutamani asiruhusu jamaa wanaomuuliza kila Krismasi kama bado ni msaidizi wamfanye aone aibu kwa kazi anayoifanya vizuri.

Kwa nini wanaume wanafundisha timu za wanawake?

Kabla ya 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Mishahara ilipoanza kuwa ya maana wanaume waliingia, na kwa michezo yote kwa jumla sehemu ya wanawake imeshuka chini ya nusu. Softiboli imewahifadhi makocha wanawake kuliko michezo mingi, na nafasi ya msaidizi ndiyo mlango wao mkuu. Mkurugenzi wa michezo anayetaka kocha mkuu mwanamke baada ya miaka kumi anapaswa kuajiri wasaidizi wanawake leo.

## Hali zisizo za kawaida

Kikomo kipya cha wachezaji kinamhusuje msaidizi?

Makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliifungua dhidi ya NCAA kuhusu malipo, yaliyoidhinishwa mahakamani Juni 2025, yaliondoa kikomo cha zamani cha udhamini 12 kwa timu ya Divisheni ya Kwanza na badala yake kuweka kikomo cha wachezaji 25 kwa vyuo vilivyojiunga nayo. Chuo chenye fedha kinaweza kuwadhamini wote 25. Kwa msaidizi, maana yake ni kwamba nafasi ya msichana asiyekomaa bado, ambaye zamani angekaa kikosini bila udhamini na kuchanua mwaka wa tatu, imekuwa finyu. Wasichana wa aina hiyo sasa hupatikana zaidi katika vyuo vya miaka miwili na Divisheni ya Pili, na msaidizi mwerevu huvitembelea.

Mtu aliyekulia Afrika Mashariki anaweza kuipata kazi hii?

Anaweza, lakini vikwazo viwili havina budi kusemwa wazi. Cha kwanza ni uzoefu: softiboli inachezwa Uganda, Kenya na Tanzania, ila kwa wachache, na vyuo vya Marekani hutaka mtu aliyeuona mchezo katika ngazi yao. Njia nyepesi zaidi ni kwenda kusoma kwanza, kujiunga na timu ya chuo kidogo kama mchezaji au meneja, na kuendelea kuwa msaidizi mwanafunzi.

Cha pili ni viza. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi chuoni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na baada ya kuhitimu anaweza kuomba miezi 12 ya kazi inayohusiana na fani yake. Baada ya hapo chuo hulazimika kumdhamini, kwa kawaida kwa H-1B, viza ya kazi za kitaalamu. Vyuo havibanwi na idadi ya mwaka ya viza hizo, lakini lazima vithibitishe kwamba kazi inahitaji shahada mahususi, na tangu Septemba 2025 maombi mengi mapya ya watu walio nje ya nchi yanatozwa dola 100,000. Chuo kidogo hakiwezi kulipa kiasi hicho kwa kocha msaidizi. Anayepanga njia hii azungumze na mwanasheria wa uhamiaji mapema, akiwa bado mwanafunzi ndani ya nchi.

Binti yangu anasajiliwa na kocha msaidizi. Je, ahadi yake inatosha?

Haitoshi. Msaidizi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa ameondoka kabla binti hajafika chuoni (tazama swali la kocha mkuu kuondoka). Mzazi aombe kuzungumza na kocha mkuu, apate kwa maandishi kiasi cha udhamini na muda wake, na aulize nini kitatokea binti akiumia. Kisha amuulize binti swali moja akiwa mbali na makocha wote: kama softiboli ingekwisha kesho, angependa kubaki katika chuo hicho?